Kitabu kwa Mdomo wa Nani?

Mei 2025 Audible, duka kubwa la vitabu vya sauti linalomilikiwa na Amazon tangu 2008, lilitangaza kwamba litawapa wachapishaji sauti zaidi ya mia moja za kompyuta za kusomea vitabu kwa Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kiitaliano. Kiswahili hakikutajwa, lakini asidhani mtu kwamba tumesalimika, wala kwamba tumesahaulika. Sauti za mashine zinazosoma Kiswahili zipo. Microsoft peke yake ina nne: mbili za Kenya zinazoitwa Zuri na Rafiki, na mbili za Tanzania zinazoitwa Rehema na Daudi. Kilichobaki ni mtu wa kuzikalisha mbele ya riwaya zetu. Nasi tunaosoma tumeshagawanyika kambi mbili kabla hata ya mgeni kubisha hodi. Kambi ya kwanza inasema kusikiliza kitabu si kusoma, ni uvivu uliovaa hedifoni. Ya pili inasema Waswahili hawasomi, kwa hiyo sauti ndiyo itakayoiokoa fasihi.

Naona kambi zote mbili zinagombania kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Kitabu cha Kiswahili kuingia kwa sikio si jambo geni, na wala hakihitaji kuokolewa kwa njia hiyo. Swali linalotupita ni la ufundi zaidi: ni kitabu gani kinakubali kusomwa kwa sauti, na kikikubali, kisomwe kwa mdomo wa nani? Tangu Ramadhani nimemaliza riwaya saba, nyingine kwa macho na nyingine kwa sikio, mbili kwa njia zote mbili. Hukumu niliyofikia haifanani kwa kitabu chochote kati ya hivyo, na ndiyo maana nimechoka na mjadala unaovitia vitabu vyote kwenye kapu moja.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu wa pwani akisema jana usiku palisomwa maulidi, hana maana kwamba watu walikaa kimya kila mmoja na karatasi yake. Hitma husomwa, na anayeisoma husikika. Mtoto aliyepelekwa chuoni, yaani madrasa, kusoma alipelekwa kutoa sauti, na mwalimu alijua kama amesoma au hajasoma kwa kumsikiliza. Kusoma kwa Kiswahili hakujawahi kudai ukimya. Ukimya tuliupata baadaye, kwenye madarasa ya shule na vyumba vya maktaba, tukaufanya sharti. Tendi zetu kongwe ziliandikwa kwa wino, zikaishi kwa koo. Ule wa Tambuka uliandikwa Pate 1728, na walioujua walikuwa wengi kuliko walioushika mkononi, kwa sababu mwenye nakala alikuwa mmoja na wasikilizaji nyumba nzima. Mwana Kupona, alipomtungia bintiye wosia wake 1858 akiwa mgonjwa, alimwita asogee na wino na karatasi. Lakini kabla ya wino na karatasi, katika ubeti wa kwanza kabisa, alikwisha mwambia neno moja la Kiamu: upulike. Yaani usikilize. Kitendo cha kwanza anachotakiwa kukifanya msomaji wa shairi hilo ni kutega sikio.

Riwaya, kweli, ni mgeni wa baadaye, na mtu anaweza kusema kwamba mila ya utendi haiihusu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alilijibu hilo miaka mingi iliyopita. Riwaya yake ya Kikuyu, ile iliyokuja kwetu 1982 kwa jina la Shetani Msalabani, aliiandika gerezani Kamiti kwenye karatasi za chooni. Ilipotoka 1980 ilifanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitarajia. Alieleza baadaye kwamba watu waliisoma majumbani jioni, familia nzima ikimzunguka mmoja anayejua kusoma. Ikasomwa pia kwenye mabaa. Msomaji alikuwa akifika mahali patamu ananyamaza, glasi imekauka, na wasikilizaji wanamnunulia nyingine ili aendelee. Yeye aliona kwamba riwaya, chombo kilichotoka Ulaya, imechukuliwa na kurudishwa kwenye mila ya kusimuliana. Mimi napenda zaidi ile glasi. Inaonyesha kwamba msomaji wa sauti alikuwa na kazi, ana ujira, na wasikilizaji walijua tofauti kati ya anayejua kusoma na anayejua kusomea watu.

Kwa hiyo hoja ya uvivu, iliyo dhaifu kuliko zote, tuimalize haraka. Anayesema kusikiliza ni njia ya mkato anadhani macho ndiyo yanayofanya kazi ya kuelewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha 2019 jaribio ambalo watu tisa waliwekwa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakisikiliza hadithi, kisha wakazisoma hadithi zilezile. Sehemu za ubongo zilizoshughulikia maana za maneno zilikuwa karibu zilezile kwa njia zote mbili. Watu tisa ni wachache, sawa. Lakini 2022 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 46 zenye washiriki karibu 4,700, na kwa jumla haukuona tofauti ya maana kati ya kuelewa kwa kusoma na kuelewa kwa kusikiliza. Na hata bila maabara, anayemwita mvivu msikilizaji wa saa tisa za riwaya ajaribu yeye kuketi saa tisa bila akili kutoroka.

Uchambuzi huohuo, hata hivyo, una mkia ambao wapenzi wa sauti huukata wanapounukuu. Kusoma kwa macho kulishinda katika hali mbili: pale msomaji aliporuhusiwa kwenda kwa mwendo wake mwenyewe, na pale maswali yalipodai kufikiri zaidi ya kilichosemwa, kuunganisha mambo na kukisia lililofichwa. Hapo ndipo ilipo hoja nzito ya kambi ya kwanza, na ajabu ni kwamba wao wenyewe hawaitumii, wanahangaika na uvivu. Sauti inakwenda mbele tu. Jicho lina ruhusa ya kusimama, kurudi, kuruka, kukaa juu ya neno moja mpaka chai ipoe. Nilijaribu kumwomba rafiki anisomee Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Ni kitabu chembamba, nikadhani jioni mbili zitatosha. Tuliacha jioni ya kwanza. Kila aya ilikuwa inanidai nirudi kwenye ile iliyotangulia, naye alikuwa ameshafika mbele. Watu waliokufa wanazungumza, ndoto inaingia ndani ya ndoto nyingine, na mwandishi hakuweka mlango wa kutokea. Nagona imeandikwa kwa ajili ya kidole kinachofunua kurasa kurudi nyuma. Ukiipitisha sikioni unabaki na mlio mzuri na maana imeshakupita. Nikaimaliza peke yangu, kwa macho, kwa wiki mbili, na bado sidai kwamba nimeimaliza.

Kitabu kingine cha mwandishi yuleyule kilinifundisha kinyume. Rosa Mistika nilikuwa nimeisoma zamani, nikiwa kijana, kwa sababu ileile iliyowafanya wengi waisome: tulisikia kwamba iliwahi kuzuiwa mashuleni. Tulikuwa tunatafuta kurasa fulani, na tukizipata tunakifunga kitabu. Mwaka huu nimeisikiliza kwa rekodi ya mwalimu mmoja rafiki yangu, mzaliwa wa Ukerewe, anayeisoma kwa lafudhi ya kwao. Kitabu kilikuwa kingine kabisa. Zakaria, yule baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, machoni mwangu alikuwa katuni. Sikioni alikuwa mzee ninayemfahamu. Mwalimu hakumpa sauti ya kutisha. Alimpa sauti ya mtu aliyechoka, na kipigo kikawa kibaya zaidi kwa kutoka kwenye uchovu. Na ile sehemu ya mwisho, ambapo binti na baba wanafikishwa mbele ya Mungu kujibu nani alimwangamiza nani, ambayo wahakiki wengine wameiona kama kiraka kilichobandikwa, ilipata maana yake iliposikika. Ni kesi. Ni mazungumzo ya barazani, mlalamikaji na mlalamikiwa kila mmoja akitetea upande wake, na kesi huendeshwa kwa mdomo. Nadhani Kezilahabi wa 1971 alikuwa bado anaandika kwa ajili ya watu wanaokaa pamoja, na Kezilahabi wa 1990 alikuwa anamwandikia mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Mwandishi mmoja, lugha moja, na jibu la swali la sauti linageuka.

Riwaya za upelelezi zilinichanganya. Nilisikiliza Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla kutoka kwa msimuliaji mmoja wa mtandaoni. Mazungumzo ya Bwana Msa na Najum, huku kiko kikitoa moshi, ni karamu ya sikio. Kiunguja cha 1960 kimehifadhiwa humo kama samli kwenye kopo. Lakini huyu ni mpelelezi, na mpelelezi huacha dalili. Nilipofika mwisho Bwana Msa alitaja jambo dogo lililosemwa mapema, na mimi sikulikumbuka, kwa sababu liliposemwa nilikuwa navuka barabara Kariakoo. Nilirudi kwenye kitabu, nikalikuta limekaa wazi. Kwa hiyo nilifurahi na nikadhulumiwa kwa wakati mmoja. Kuli ya Adam Shafi, kwa upande mwingine, haikunidhulumu kitu. Makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948 vinakwenda kwa mstari ulionyooka, sauti zinapandishwa, watu wanahutubiana. Mwenye safari ndefu ya basi asiniulize mara mbili.

Na Peponi? Hii nimeisoma kwa macho na ninangoja kwa hamu atakayeisoma kwa sauti, lakini ninangoja na wasiwasi pia. Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akaitafsiri na kuileta nyumbani 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Katika Kiingereza kuna maneno ya Kiswahili yaliyopandwa humo kama miti ya kigeni kwenye bustani ya mwingine. Khalil, yule kijana wa dukani, anamtania Yusuf kwa kumwita kifaurongo. Msomaji wa London inabidi aelezwe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo: anaujua mmea unaojikunja ukiguswa na kujifanya umekufa, aliuchezea akiwa mdogo njiani kwenda shule, na papo hapo anamwona mtoto wa miaka kumi na miwili aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, amejikunja. Khalil huyohuyo anamkataza Yusuf asimwite Aziz ami, kwa sababu yule si ami yake, ni seyyid. Utani, maonyo na huruma ya Khalil vimo katika jinsi anavyotamka, wala si katika anachosema peke yake. Akisomwa na mtu asiyejua kejeli ya Waswahili, Khalil atageuka kijana mkorofi tu, na nusu ya riwaya itakuwa imekufa bila herufi moja kubadilishwa. Hili nalisema kwa uchungu wa uzoefu. Nimewahi kusikiliza riwaya ya Kiingereza, sitaitaja, yenye Kiswahili ndani yake, na msomaji wake alilitamka neno bwana kwa namna ambayo ilinichukua sura mbili kumtambua huyo bwana ni nani.

Nirudi kwa kambi ya pili, wanaoamini Waswahili hawasomi. Msemo huu umerudiwa mpaka umekuwa na ndevu. Waulizeni wachapaji wa magazeti ya udaku yaliyouzwa kwa hadithi za mfululizo, msomaji akinunua toleo la leo kwa sababu la juzi lilimwacha na binti yuko mlangoni na kisu. Waangalie leo watunzi wa makundi ya WhatsApp wanaotoa sehemu ya kwanza bure na nyingine kwa malipo ya simu, na watu wanalipa. Waangalie wasimuliaji wa YouTube na wasikilizaji wao waaminifu. Sikio halilali na njaa, na hapa halijawahi kulala. Watu hawa wote wanapenda hadithi na wengi wanasoma. Wasichokipata ni kitabu kwa bei na mahali panapowafaa. Basi sauti haiji kumwokoa mtu asiyesoma. Inakuja kwenye soko lenye wateja tayari na wezi tayari, kwa sababu wasimuliaji wengi wanaosoma riwaya zilizochapishwa hawakumwomba mwandishi ruhusa wala hawamgawii kitu. Mtunzi anaisikia kazi yake ikitoka kwenye simu ya kondakta, anatabasamu, anashuka kituoni akiwa maskini vilevile.

Na sauti si rahisi kama inavyodhaniwa. Saa moja ya sauti ya kiwango cha kawaida tu hula takriban megabaiti 29. Riwaya ya saa tisa ni zaidi ya megabaiti 250, wakati maandishi matupu ya riwaya hiyohiyo hayafiki hata megabaiti mbili. Kwa mtu anayenunua bando la siku, kitabu cha sauti ni anasa kuliko cha maandishi kwenye simu ileile. Wanaohubiri sauti kama daraja la watu wa kipato cha chini wangeanza na hesabu hii. Redio ilikuwa daraja hilo. Aliyekuwa na betri alisikia hadithi sawa na mwenye gari.

Sasa mashine. Kiswahili kinaidanganya mashine kwa upole wake. Herufi zake zinatamkwa kama zilivyoandikwa na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sauti ya kompyuta inajifunza upesi na kwa dakika tano za kwanza unashangaa jinsi inavyosoma vizuri. Kisha inafika kwenye barabara. Gari limepita barabara, na kazi imefanywa barabara: herufi zilezile, mkazo tofauti, maana tofauti, na karatasi haikuweka alama yoyote. Inafika kwenye walakini, ambayo mahali pamoja ni kiunganishi na mahali pengine ni ila iliyomo ndani ya jambo. Inafika kwenye swali. Kiswahili hakipindui sentensi ili kuuliza. Amekuja na amekuja? hutofautiana kwa sauti tu, na katika riwaya swali la kweli, swali la kejeli na swali la mtu anayelijua jibu tayari yana kiulizo kimoja. Makosa ya barabara yatarekebishwa, sina shaka. Mashine za leo zinatazama sentensi nzima na zinazidi kuwa hodari. Ninachotilia shaka ni kile kinachokuja baada ya kurekebishwa: lafudhi moja safi, isiyo ya Ukerewe wala ya Ng'ambo ya Unguja wala ya Mvita, inayosoma vitabu vyote sawasawa mpaka kijana wa Dodoma au wa Kisumu aamini kwamba ndivyo Zakaria alivyozungumza. Tulishawahi kusanifishiwa maandishi, miaka ya 1930, na kamati. Usanifishaji wa masikio utafanywa bila kamati na bila kikao, na hatutakuwa na wa kumlalamikia.

Hata hivyo kuna hoja moja ya mashine ambayo siwezi kuipinga, nami sitajaribu. Vitabu vya sauti havikubuniwa kwa ajili ya watu wa foleni za magari. Uingereza vilianza 1935 kwa ajili ya wasioona, wakiwemo waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao, unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nakala zinazofikika kwa wasioona bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki. Ni riwaya ngapi za Kiswahili zimegeuzwa hivyo? Rafu nzima ya miaka ya sabini haipatikani hata kwa wenye macho. Kumwambia asiyeona angoje msomaji hodari mwenye lafudhi sahihi ni kumwambia angoje milele. Mashine inayosoma vibaya leo inamfaa kuliko msomaji bora asiyezaliwa. Kwa hiyo mstari wangu hauko kati ya mtu na mashine. Uko kati ya nakala ya kumwezesha mtu kufikia kitabu na nakala inayouzwa kama ndiyo kitabu. Ya kwanza isomwe na chochote kinachoweza kusoma. Ya pili ni tafsiri, sawasawa na tafsiri ya Peponi, na tafsiri huwa na jina la mtu kwenye jalada, mtu wa kusifiwa na kulaumiwa.

Hilo lina maana nzito kwa wachapishaji na waandishi, na wakati wa kulijadili ni huu, kabla tangazo la kwanza la Kiswahili halijatoka. Waandishi wengi walisaini mikataba ya zamani yenye kifungu kifupi kinachompa mchapishaji haki nyingine zote. Ndani ya hizo nyingine zote ndimo sauti inamolala. Ukisaini mkataba wa namna hiyo leo bila kuitenga sauti, umeshamchagua msomaji wako bila kumsikia. Mwandishi adai haki ya sauti iandikwe peke yake, adai kusikia kurasa kumi kabla ya kuridhia, na adai jina la aliyesoma lichapishwe, au kama ni mashine, iandikwe ni mashine. Wachapishaji watasema soko ni dogo na studio ni ghali. Ni kweli. Lakini tuna waigizaji wa redio waliostaafu, tuna walimu kama yule wa Ukerewe, tuna wasimuliaji wa mtandaoni ambao kesi yao ingeweza kumalizwa kwa mkataba badala ya polisi, maana wana vipaza sauti, wana wasikilizaji, na wengine wana vipaji ambavyo studio yoyote ingevitamani. Watoto nao wasisahauliwe upande wa pili wa mizani: anayejifunza kusoma anahitaji jicho lake lisugue herufi, na sauti hapo iwe mwenzi wa kitabu, isiwe mbadala wake.

Jirani yangu Magomeni ni bibi mzaliwa wa Unguja ambaye presha ya macho imemnyang'anya maandishi. Ramadhani, baada ya futari, nilikuwa namsomea Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed. Mimi ni mtu wa bara, na hakunificha. "Mwanangu, unasoma kama taarifa ya habari," aliniambia usiku wa kwanza, akanirudisha mwanzo wa mazungumzo, akanitamkia yeye jinsi mwanamke wa shamba anavyomjibu mwanamume asiyemtaka. Rehema wa riwaya ni binti anayekataliwa na baba yake kwa rangi yake, na kuna maneno ndani ya kile kitabu ambayo mimi niliyapita kama maneno ya kawaida, na bibi aliyapokea kama kofi, kwa sababu aliyasikia yakisemwa na watu wenye majina. Nilipolazimika kusafiri nilimwachia simu ya zamani yenye sauti ya mashine, nikamwonyesha mjukuu wake pa kubonyeza. Aliisikiliza kidogo nikiwa bado nimesimama mlangoni. Akauliza, "Huyu mwenyeji wa wapi?" Nikamwambia si mwenyeji wa popote. Akafikiri, akasema basi mwache asome, mchana ni mrefu. Niliporudi baada ya siku sita nilimkuta ameshafika karibu na mwisho. Nikamwamkia, nikaketi, nikafungua pale mashine ilipoishia. Akanizuia kwa mkono, akaniambia nirudi ukurasa ule tulioachana siku ya safari.